Masikio Hayazoei Mashine

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha kufuma, katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, fundi aliyenipokea alinipigia kelele sikioni: "Utazoea!" Kweli, baada ya miezi kadhaa nikaona kelele zimepungua. Kumbe mashine zilikuwa zilezile, masikio yangu ndiyo yalikuwa yanakufa.

Ukitoka zamu masikio yanalia wiii mpaka usingizini, usipuuze. Mimi nilipuuza miaka. Aliyenizindua ni binti yangu wa darasa la pili. Alikuwa akinisomea majibu ya hesabu, sauti naipata, lakini "sita" na "tisa" kwangu zikawa neno moja. Uziwi wa kiwandani huanza hivyo: hula kwanza sauti nyembamba, s na f, sauti za watoto. Ukishaingia, hakuna dawa ya kuurudisha usikivu.

Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikilizane, hapo kelele ni kama desibeli 85 au zaidi (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mwisho wa kuvumilia. Kila zikiongezeka 3, muda huo unakatwa nusu. Vyumba vya kufuma hupita 90.

Viziba masikio vya sponji wengi tunavichomeka juujuu tu. Nawa mikono kwanza, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka kijae. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito, kimekaa. Pamba ya kuokota sakafuni haikingi kitu.

Linaloniuma zaidi ni vipimo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi na akiendelea nayo. Mimi nilipimwa macho na presha. Masikio hakuna aliyeyagusa. Nilipotaka kudai fidia, sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba niliingia pale nikiwa nasikia vizuri. Ndugu yangu, omba kupimwa usikivu wiki ya kwanza, nakala uitunze nyumbani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.