Mimi ndiye ninayepima viuno vyenu

Nashona nguo Mbagala Rangi Tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Fundi cherehani anayajua mambo ya watu ambayo hata daktari hayajui. Kwa daktari mtu huenda akiumwa, kwangu anakuja kila Idi, kila harusi, kila shule zikifunguliwa, na kila akija navuta futi. Ninalo daftari la vipimo. Yuko mteja aliyekuwa na kiuno cha inchi 32 mwaka aliooa, leo ana 38, na namba zote mbili nimeziandika mimi.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya ubishi usiokwisha kwenye benchi lililo nje ya duka langu. Wapo wanaosema mpira ni kupoteza muda kwa mtu asiyelipwa hata senti kwa huo mpira. Wapo wanaosema mpira ni afya, na hao wengi wao wanayasema hayo wakiwa wamekaa, soda baridi mkononi. Mimi nimepita kote: nimetazama, nimebeti, nimecheza, nimeumia, na sasa nakimbia polepole. Nitawaambia niliyoyaona, na mengine ni ya kupimwa kwa futi.

Nianze na kutazama, maana ndiko tuliko wengi.

Mimi ni Simba, nilirithi kwa baba. Novemba 5, 2023, siku Yanga walipotufunga 5-1, nilikuwa banda umiza, yaani banda la kutazamia mpira kwenye runinga, nimetoa kiingilio cha shilingi elfu moja yangu halali kwenda kuudhiwa. Kesho yake nilifungua duka saa nne badala ya saa mbili. Haikusaidia kitu. Walikuja mmoja mmoja, wote wa Jangwani, yaani Yanga, kila mmoja anataka kushonewa suruali yenye mifuko mitano. Wiki nzima mifuko mitano. Nikawakumbusha Mei 2012 na zile 5-0 zetu, wakaniambia hizo zimeshaoza.

Lakini hebu angalia jambo hili. Kati ya wale waliokuja kunicheka, walikuwemo watu ambao sikuwaona dukani kwa miaka miwili. Wawili waliacha vitambaa kweli. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na muda wote huo jina tulilopewa ni watani wa jadi. Kwetu mtani ana kazi yake. Anakukejeli hadharani, anakula chakula chako bila kuomba, na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe.

Banda letu lina mzee mmoja, mstaafu, Yanga wa kufa. Mkewe alifariki, watoto wako mikoani. Siku zisizo na mechi sidhani kama anaongea na watu watatu. Siku za mechi anakaa benchi la mbele kwa sababu ya macho, na kazi yake ni kututukana sisi kwa lugha ya kistaarabu. Jumatano moja Yanga wanacheza na benchi la mbele lina nafasi. Wa kwanza kushtuka alikuwa kijana anayekusanya viingilio. Mapumziko yalipofika tukaenda wawili kumgongea. Tulimkuta chini kwenye mkeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, sukari imeshuka. Aliyembeba mgongoni mpaka kwenye bajaji alikuwa amevaa jezi nyekundu. Mzee alipopata nafuu, neno lake la kwanza kwetu lilikuwa kwamba amenusa harufu ya Msimbazi, kwa maana ya sisi Simba, akadhani ameshakufa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kutazama mpira hakuna faida, namuuliza anatazamia wapi. Ukitazama peke yako kitandani, simu juu ya kifua, mpaka saa saba usiku, ligi nne kwa wiki, hapo sina la kukutetea. Tafuta mahali ambapo usipofika utaulizwa. Kiingilio cha mechi ya kawaida kwetu ni mia tano. Sijui ni wapi pengine kwenye jiji hili utanunua watu thelathini wanaokujua kwa mia tano.

Na usiondoke mapumziko. Hili ni la pembeni, lakini lazima niliseme. Oktoba 20, 2013, Yanga walikuwa mbele 3-0 mpaka mapumziko, nikaona bora nikapande daladala kabla ya foleni. Mechi iliisha 3-3. Mabao yote matatu niliyasikia kwenye redio ya daladala, nimesimama, kwapa la mtu usoni.

Sasa mkeka, na sisemi wa kulalia, nasema orodha ya mechi unazobetia. Nilibeti miaka mitatu. Sikuwa mbetiji mkubwa, wala sijauza kitu cha ndani. Nilikuwa natoa elfu mbili kwa siku, na elfu mbili haiumi. Ndiyo ubaya wake. Siku moja mvua ilinizuia dukani, nikachukua kalamu: elfu mbili kwa siku ni elfu sitini kwa mwezi, laki saba na elfu ishirini kwa mwaka. Mwaka ule nilikuwa nimeshaulizia bei ya cherehani cha ovaloki cha mtumba Kariakoo nikarudi nyumbani nimenuna kwamba sina hela. Nilikuwa nayo, naitoa kidogokidogo kwa simu. Ndiyo, nilishawahi kula, yaani kushinda, mara mbili zenye maana. Zile mbili kila mtu mtaani anazijua, kwa sababu nilizisimulia sana. Mikeka iliyochanika sikumsimulia mtu.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo kwenye hesabu ya shilingi. Usiku mmoja nilijikuta nimesimama banda umiza nashangilia kona. Kona tu. Ya timu ya Denmark ambayo jina lake sikuweza kulitamka, kwa sababu mkeka wangu ulihitaji kona tisa. Yule mzee wa benchi la mbele akageuka akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevua nguo sokoni. Nilikuwa nimeacha kuona mpira. Nilikuwa naona namba zinazotembea. Ukitaka kujua kama kutazama bado kunakufaa, jiulize kama unaweza kuitazama mechi ambayo hujaiwekea kitu. Mimi ilinichukua miezi kadhaa kuanza tena kufurahia pasi nzuri ya mtu asiyenihusu.

Tuje kwenye kucheza, ambako watu wanadhani hakuna ubishi.

Nilipotimiza miaka 41 jamaa walinivuta kwenye bonanza la maveterani, Jumapili, uwanja wa shule ya msingi. Ujanani nilikuwa winga, na mchangani jina langu lilikuwa linatajwa. Nilifika saa moja asubuhi na njumu za kuazima, namba 42 wakati mimi navaa 41. Sikupasha. Siku sita za wiki nilikuwa nimekaa juu ya stuli, siku ya saba nataka kumkimbiza kijana wa miaka 24 aliyeingizwa kwa ujanja kwenye timu ya maveterani. Kichwa kilikuwa bado na miaka ishirini, miguu haikupewa taarifa. Dakika ya kumi hivi nikasikia kitu kimenipiga nyuma ya kigimbi, pa! Nikageuka nimwone aliyenipiga teke. Hapakuwa na mtu.

Msuli ulichanika. Wiki sita za kupumzika, na cherehani changu wakati ule kilikuwa cha kukanyaga. Ilikuwa Shaabani, kanzu na magauni ya Idi yamejaa mpaka chini ya meza. Nililazimika kumlipa kijana elfu tano kwa siku anikanyagie huku mimi naongoza kitambaa, na kama hujawahi kushona kwa miguu ya mtu mwingine, jaribu siku moja uone mshono unavyokwenda kama nyoka. Wateja wengine walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi wa jirani. Baadhi yao wako huko mpaka leo.

Wanaotuhimiza tucheze huwa hawalitaji hili. Mchezaji wa klabu kubwa akiumia kuna daktari wa timu na mshahara unaingia. Fundi, mama ntilie, bodaboda, kondakta, mguu ukilala na jiko limelala. Sisemi usicheze. Nasema kabla hujaingia uwanjani fikiria Jumatatu unafanya kazi kwa kiungo gani, na kiungo hicho kiheshimu. Tembea miezi miwili kwanza. Kama umepita arobaini, pitia zahanati upime presha. Cheza na wa rika lako, na wakikuingizia kijana, rudi beki, naye akikupita mwache apite, halipwi kwa kukupita na wewe hulipwi kwa kumzuia. Nunua viatu vyako mwenyewe. Dakika ishirini zikitosha, toka, nenda kashike kibendera.

Nilipokuwa nimekaa na mguu juu ya kiti, sina la kufanya, nikalifungua daftari. Nilitaka kuona nani amenenepa na nani amebaki. Nilikuwa na uhakika kwamba maveterani watakuwa wamewashinda watazamaji. Wapi! Viuno vya maveterani vilikuwa vimepanda sawa na vya watu wa banda umiza, na wawili walikuwa wamewapita. Nilishangaa mpaka nilipokumbuka bonanza linavyokwenda: mpira kwa muda wa saa moja, halafu kiti kwa saa nne, bia, nyama choma na ndizi. Mtu anarudi nyumbani jioni na jezi yenye jasho, anaonekana mwanamichezo.

Waliobaki na namba ileile miaka kumi walikuwa wengine kabisa. Msukuma mkokoteni wa maji. Mwalimu mmoja anayekwenda shuleni kwa miguu na kurudi kwa miguu kila siku. Na kijana wa ndondo, mpira wa mashindano ya mtaani, ambaye mechi ikiisha anapanda baiskeli anakwenda kwao. Daftari la fundi si utafiti, najua, linaandika wanaorudi tu. Lakini lilinitosha kubadili nilichokuwa nakifikiria.

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, au ya nguvu dakika 75 mpaka 150. Ukizigawa, zile 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mechi moja pamoja na mapumziko ni dakika 105, kwa hiyo anayetazama mechi mbili kwa wiki muda anao, asiniambie hana. Kipimo chepesi cha mazoezi ya wastani ni kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Sasa sisi wa klabu za jogging huku Temeke tunakimbia tunaimba mwanzo mpaka mwisho, basi piga hesabu mwenyewe kasi yetu ni ipi. Hata hivyo mimi ndiko nilikobaki. Tunakutana saa kumi na mbili alfajiri, Jumapili, mchango elfu moja, na ule mchango unakwenda kwa wagonjwa na misiba kabla haujafika kwenye fulana. Siku nyingine nne natembea tu, kutoka nyumbani mpaka dukani, daladala naiacha ipite.

Aliyenipeleka jogging ni mke wangu. Alicheza netiboli mpaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akiwa golikipa mrefu ambaye wasichana wa shule nyingine walikuwa wanamwogopa. Baada ya ndoa akaacha, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jioni moja namuaga nakwenda bandani, akaniuliza: "Baba Nanihii, na mechi yangu mimi ni saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikienda mechi kuna mtu amebaki na mtoto, kuna mtu amepika. Wanaume tunaozungumzia faida za michezo tuianzie hesabu hapo. Sasa Jumapili tunakwenda wote, chapati tunanunua kwa jirani. Yeye ananiacha mbali sana.

Watu huuliza kama kutazama kunamfanya mtu acheze. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, amemkuta Mjerumani kwenye hatua za mwisho, muda wao sawasawa, saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Kwetu kulikuwa hakujapambazuka. Kulipokucha kila simu iliyoletwa dukani ilikuwa na ile video. Jumapili iliyofuata kituo chetu cha jogging kilifurika, tulikuwa mara mbili ya kawaida, wengine wamevaa viatu vya kanisani. Wiki ya tatu tukarudi idadi yetu ileile, na wapya wawili. Wawili si haba. Mmoja wao ni mzee wa benchi la mbele, hakimbii, anatembea nyuma yetu na fimbo na jezi ya njano.

Juzi amekuja mteja na suruali, anataka niachie kiuno inchi mbili. Nilimpima, nikafungua daftari, nikamwonyesha namba yake ya 2016. Akacheka, akasema fumua tu fundi, mechi inaanza. Nimemwambia akiba ya mshono ndani inatosha inchi moja na nusu, hiyo ni kweli kabisa, na kwamba nitaifumua baada ya wiki sita, na kituo chetu kiko pale karibu na kwake, saa kumi na mbili alfajiri. Ameondoka amenuna. Suruali inaning'inia hapa ukutani, Jumapili moja imeshapita hajatokea.