Maonyesho ya hobi: banda linalipa lini, na kiingilio kinarudi vipi?

Barua za safari hii zimeangukia jambo moja: yale maonyesho ya siku mbili tatu yanayowakutanisha wauzaji na wapenzi wa treni za mfano, nyuzi za kufuma, magari ya rimoti na michezo ya mezani. Tumezijibu kwa mafungu, na waliouliza swali lilelile watajikuta humu.

Natengeneza vishikio vya mbao vya kupangia brashi na chupa za rangi, kwa watu wanaounda modeli. Nauza mtandaoni tu. Nimealikwa kuweka banda kwa siku mbili, lakini ada yake inanitisha. Niende?

Ada ndiyo gharama inayoonekana kwenye fomu, kwa hiyo ndiyo inayotisha. Zinazoumiza ni zile zisizoandikwa. Chukua karatasi uorodheshe: ada ya banda, soketi ya umeme (kumbi nyingi huitoza kando), kukodi meza na viti, usafiri wako na wa mzigo, malazi, chakula, mifuko, makato ya mashine ya kadi, bima kama waandaaji wanaidai, na ujira wa mtu wa kukushikia banda ukienda msalani. Kisha hesabu siku zako. Maonyesho ni siku 2, lakini kufungasha kunakula siku nzima kabla, na kupanga upya stoo nusu siku baadaye.

Sasa piga hesabu. Tuseme jumla imefika 600 kwa fedha unayotumia, na katika kila 100 unayouza unabaki na 40 ukishatoa mbao, vanishi na kazi. 600 ÷ 0.40 = 1,500. Hayo ni mauzo ya kurudisha gharama tu, faida bado. Mteja wa kawaida akinunua vitu vya 25, unahitaji wateja 60. Ukumbi ukiwa wazi kwa muda wa saa 7 kila siku, una saa 14 zote pamoja: mteja mmoja anayelipa kila dakika 14, bila kupumzika. Ikiwa kueleza, kufunga na kupokea pesa kunachukua dakika 5, mtu mmoja anamudu. Kikihitaji maelezo ya dakika 12, foleni itakuvunjikia mbele ya macho, maana watu hawasubiri banda moja wakati mabanda mengine wanayaona.

Dawa si lazima kuongeza msaidizi, kwa sababu naye anaingia kwenye ile 600. Jaribu kwanza kuuza seti: kishikio cha chupa, cha brashi na kitako cha kuunganishia, vyote kwa bei moja. Wastani ukipanda kutoka 25 hadi 40, wateja unaowahitaji wanashuka kutoka 60 hadi 38. Seti nayo haikuongezei dakika za maelezo.

Kuna kosa la hesabu ambalo wengi hulifanya wakirudi nyumbani: kuyaita mauzo yote mapya. Mteja wako wa siku zote aliyesubiri maonyesho ili akwepe gharama ya kutumiwa mzigo angenunua tu hata usingekwenda. Mtoe. Kwa upande wa pili, wapo wanaochukua kadi yako na kuagiza wiki 3 baadaye. Hao utawajua tu ukichapisha kwenye kadi namba ya punguzo ya maonyesho hayo peke yake, yenye muda wa siku 60. Bila namba hiyo, mwaka ujao utaamua kwa kubahatisha.

Kwa bidhaa yako, tunasema nenda safari moja ya kujaribu, kwa banda dogo kuliko yote. Kishikio ni kitu cha kushikwa. Picha haimwonyeshi mtu kama chupa yake itaingia kwenye tundu. Ila kabla ya kulipa waulize waandaaji mambo matatu. Tiketi ngapi ziliuzwa mara iliyopita? Omba tiketi, usikubali idadi ya "wageni", kwa sababu wengine huwahesabu hata wauzaji wenyewe, au mgeni mmoja mara mbili akija siku zote mbili. Wauzaji wangapi wana bidhaa kama yako? Na banda liko wapi? Mlangoni pazuri kwenye ramani tu, kwa kuwa mtu aliyeingia sasa hivi anataka kwanza kuona kilichopo mbele. Karibu na meza ambako watu wanafundishwa kupaka rangi modeli, hapo ndipo pako.

Banda letu la nyuzi za kufuma lilijaa watu mfululizo. Walishika, wakasifu, wakaondoka. Tulikosea wapi?

Bei zilikuwa zimeandikwa? Anza hapo. Mgeni mwenye haya hataki kuuliza bei halafu aonekane ameshindwa, kwa hiyo anasifu na kupita. Kila fungu la uzi liwe na bei inayosomeka mtu akiwa amesimama hatua mbili.

La pili ni meza. Meza ya kawaida ya maonyesho ina urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 75, na ukilaza kila kitu juu yake, watu wawili wakisimama mbele wamekufungia duka. Panga ngazi: maboksi imara chini ya kitambaa, safu ya kwanza ikiinuka sentimita 15, ya pili 30, na bidhaa yako kuu ining'inie nyuma kwenye usawa wa macho, mita 1.4 hadi 1.6 kutoka sakafuni. Kitambaa kifike chini kabisa ili akiba ijifiche humo.

Taa za ukumbi huongopea rangi. Bluu iliyoiva huonekana nyeusi, na nyekundu ya damu ya mzee huwa kahawia. Mnunuzi anasita bila kujua kwa nini. Leteni taa zenu za LED zilizoandikwa CRI 90 au zaidi kwenye boksi (CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi). Na waya wa umeme ulioviringwa kwenye gurudumu lake ukunjueni wote, hata kama mnahitaji mita 3 tu. Ukibaki umeviringika, joto halina pa kutokea, na mzigo ukiwa mkubwa ganda la waya huyeyuka.

Lakini kwa nyuzi, tunashuku kasoro yenu kubwa ni ya nne. Anayeshika uzi mzuri ameshaupenda. Kinachomzuia ni kutojua anunue kiasi gani. Fumeni sampuli, muitundike, na muiwekee kikaratasi: "Shali hii: madonge 3 ya gramu 100, sindano ya mm 4." Mkono uliokuwa umeshika donge 1 utachukua 3.

Kuhusu malipo, kwa kifupi: ukumbi ukijaa, mtandao wa simu hulemewa, na mashine ya kadi hugoma saa ileile yenye wateja wengi. Muwe na laini ya pili ya kampuni tofauti, na chenji ndogondogo za kutosha tangu asubuhi. Zipo mashine zinazohifadhi malipo mpaka mtandao urudi, lakini kadi ikikataliwa baadaye uzi umeshaondoka nao, na hasara ni yenu.

Vitu vilevile navipata mtandaoni kwa bei ileile, pengine chini. Kwa nini nilipe kiingilio na nauli?

Kama unataka boksi la modeli lililofungwa, unalijua kwa jina na namba, agiza ukae nyumbani. Kiingilio hakitarudi kwa boksi hilo.

Kinarudi kwa vitu vya mkononi: vilivyotumika, vipuri visivyotengenezwa tena, na vile ambavyo kasoro yake haionekani pichani. Chukua mfano wa kichwa cha treni cha HO, yaani uwiano wa 1:87, kilichotumika. Mwombe muuzaji akiendeshe kwenye reli ya majaribio, mbele na nyuma, polepole sana. Kikishtukashtuka kwenye mwendo mdogo, mara nyingi ni uchafu wa magurudumu au wa vile vibati vinavyochukua umeme, na hilo unalisafisha mwenyewe. Kikitoa harufu ya kuungua au kikiwa moto baada ya dakika 2, rudisha mezani. Kigeuze uangalie chini: grisi iliyoganda si tatizo kubwa, lakini fremu ya zinki iliyovimba au yenye nyufa nyembamba kama utando ni ugonjwa wa aloi yenyewe, unaotokana na uchafu kama madini ya risasi uliochanganyika wakati wa kuyeyusha. Hautibiki. Fremu itaendelea kumomonyoka hata kabatini.

Uliza pia mfumo wa umeme. Vichwa na mabehewa ya HO ya Märklin, kampuni ya Ujerumani, kwa kawaida ni ya reli tatu, na magurudumu yake hayana kihami kati ya upande na upande. Ukiyaweka kwenye reli mbili za kawaida, umeme unapata njia ya mkato na kifaa chako cha kuendeshea treni kinazima. Na usidanganywe na upana wa reli: OO ya Uingereza ni 1:76, lakini hutembea kwenye reli ileile ya milimita 16.5 kama HO. Behewa litapita vizuri, litaonekana jitu.

Zunguka raundi moja bila kununua, ukipiga picha za namba za mabanda. Kitu kilichotumika ambacho kipo kimoja tu hakimo katika kanuni hiyo, ukikiacha hutakikuta.

Nikinunua uzi uliotiwa rangi kwa mkono, nawezaje kupata mwingine wa rangi ileile baadaye?

Pengine hutaupata. Kila mkupuo wa rangi hutoka na tofauti yake. Nunua donge 1 zaidi ya unayohitaji, yote ya mkupuo mmoja. Kama umelazimika kuchanganya mikupuo, fuma mistari 2 kwa donge hili na mistari 2 kwa lile, ili tofauti isikate kazi kama mstari.

Nasafiri kwa ndege kwenda maonyesho ya magari ya rimoti. Betri za LiPo zinaruhusiwa?

Za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. LiPo ni betri za litiamu, na kipimo chake ni Wh (saa-wati): volti mara Ah, na Ah 1 ni mAh 1,000. Betri ya 3S, yaani ya seli 3 zilizounganishwa, ya 5,000 mAh ni 11.1 × 5 = 55.5 Wh, inapita. Ya 6S ya uwezo huohuo ni 22.2 × 5 = 111 Wh, imevuka 100, kwa hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Ziba ncha kwa utepe, na ziwe na chaji ya kuhifadhia, kama volti 3.8 kwa kila seli. Soma pia kanuni za ukumbi: kumbi nyingi hukataza kuchaji bandani.

Naweza kwenda Nuremberg kama mgeni wa kawaida?

Spielwarenmesse, maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg, Ujerumani, yaliyoanza 1950, ni ya wafanyabiashara pekee, na utatakiwa kuthibitisha biashara yako. Mpenzi wa michezo ya mezani aende SPIEL, maonyesho ya michezo ya mjini Essen, Ujerumani, iliyoanza 1983 na iko wazi kwa kila mwenye tiketi.

Ni kweli saa ya mwisho bei hushuka?

Kwa mabunda makubwa na mazito, ndiyo, kwa kuwa muuzaji anaona kazi ya kuyapakia tena. Kwa chupa za rangi na viwembe, hapana. Vinaingia mfukoni mwake. Usiombe punguzo la kitu kimoja, chagua vitatu uulize bei ya pamoja. Na nenda saa moja kabla ya kufunga, si dakika 10, maana wengine wameshaanza kukunja vitambaa.