Nodi ya kusambaza video Moshi: kwa nini nakwambia usinunue kompyuta

Mkuu, umeuliza kama ununue kompyuta uiwashe hapo Moshi usiku na mchana, isambaze video na wewe ulipwe tokeni, yaani sarafu ya kidijitali. Nimeendesha nodi, yaani kompyuta ya namna hiyo iliyounganishwa na mtandao wa wasambazaji, nyumbani Sakina, Arusha, kwa miezi saba. Usinunue. Kama kompyuta unayo tayari na faiba yako haina kikomo, jaribu.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa: video haipiti kwenye blokicheni. Blokicheni ni daftari tu, linaandika nani kamhudumia nani na alipwe nini. Video inatoka kwenye diski yako kwenda kwa mtazamaji kwa intaneti hii hii ya kila siku. Theta, mtandao wa kusambaza video uliozindua blokicheni yake mwaka 2019, unakwenda hivyo: wenye nodi wanapeana vipande vya video na malipo yanahesabiwa kwa TFUEL, tokeni ya mtandao huo. Maana yake, kwenye kusambaza hulipwi kwa sababu umewasha mashine. Unalipwa pale mtu wa karibu anapohitaji kipande ulicho nacho.

Sasa jiulize majirani zako wanatazama nini. Hapa mtaani ni YouTube, na Google huweka seva za kashe, zinazotunza nakala za video, ndani ya mitandao ya watoa huduma wa intaneti, kwa hiyo hawanihitaji. Nodi yangu iliweza kumaliza wiki bila ombi hata moja la maana.

Tena nilianza na rauta ya laini ya simu. Bando lilikuwa linayeyuka, halafu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hivyo nodi za wengine zinapata shida kukufikia.

Piga hesabu ya umeme pia. Mashine ya wati 60 isiyozimwa inakula kama uniti 43 kwa mwezi. Kama uko kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75, inaweza kukutoa humo, na nyumba nzima ikalipa bei ya juu.

Lakini wazo lenyewe nalipenda kwa dhati, na mwisho nilikuta faida yake mahali pengine. IPFS, mfumo wa kompyuta kupeana mafaili moja kwa moja, aliouanzisha Juan Benet, hauna sarafu yake. Kila faili linaitwa kwa alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Ukibadilisha hata herufi moja, alama inabadilika. Kwa hiyo huna haja ya kumjua wala kumwamini aliyekutumia, kompyuta yako inahakiki yenyewe. Kwa IPFS niliweka video za masomo kwenye kompyuta ya zamani katika shule moja Ngaramtoni, wanafunzi wanazipata kwa Wi-Fi ya shule. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvizia nchi nzima, madarasa yale yaliendelea kutazama. Siku ile nilifurahi kuliko siku yoyote niliyopata tokeni.

Basi kabla hujatoa hela, mpigie mtoa huduma wako umuulize kama atakupa anwani ya IP ya umma, yaani anwani ya nje yako peke yako, na kwa bei gani. Akikupa, niandikie hapa, nikuelekeze namna ya kupanga rauta.