Usiamini etiketi nyekundu: kazi yangu na salamanda wa zamani

Juzi kijana mmoja wa hapa hapa Bukavu anayesoma biolojia ameniandikia: "Yaya, nasikia ulikuwa Ulaya unachunguza salamanda wa zamani kwenye makumbusho, na mimi nataka kazi ya namna ile, nianzie wapi?" Nimeanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu kupita mesaji, basi naliweka hapa, juu najua hii kazi mnaitamani wengi hata kama hamsemi.

Kwanza ndiyo, salamanda, ile ambayo huku hatuna. Afrika yote kusini ya Sahara haina hata mmoja, wako kule kaskazini, Moroko na Algeria na Tunisia, halafu Ulaya, Asia na Amerika ambako ndio wamejaa. Nilivyosema nyumbani naenda kusoma salamanda, mama mkubwa ameuliza, "Ile njo mjusi?" Nikamwambia hapana, ni ndugu ya chura ila ana mkia. "Basi bakia huku, vyura tuko nazo." Na ni kweli tuko nazo, na za ajabu, ila nafasi ya staji (kujifunza kazi) iliyopatikana ilikuwa ya salamanda, mi sikuwa mtu wa kuchagua.

Sasa kazi yenyewe. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye mnyama fulani wa kweli aliyekufa na kuwekwa, na huyo akiwa mmoja anaitwa holotipi. Mkigombana kesho kama hii ni spishi moja ao mbili, mnarudi kwake. Ni kama parseli za huku kwetu, watu watatu kila mmoja na karatasi yake ya kiwanja kimoja, mwishowe lazima mtu aende kutafuta ile ya kwanza kabisa. Ile makumbusho (jina siliweki) ilikuwa na orodha ya zamani ya tipi zake za salamanda, ndio hao wanyama waliofungiwa majina, ila hakuna aliyekuwa amefungua bokali (chupa ya kioo yenye mnyama ndani ya alkoli) moja moja kuona kama orodha inasema kweli. Wakanipa mimi, nadhani waliona ni kazi ya kumtuliza mgeni.

Watu wanadhani unashinda kwenye mikroskopi. Aa. Unashinda unasoma. Unatafuta makala ya kwanza iliyompa mnyama jina, ikiwa ya 1850 ao ya 1920 hiyo hiyo, Kilatini, Kijerumani, Kifaransa (hapo kwenye Kifaransa niliwapita wote, wacha niseme), unaandika mwandishi alikuwa na wanyama wangapi mkononi, walitoka wapi, nani aliwakamata, vipimo gani. Waandishi wa zamani wengi hawakusema "holotipi ni huyu". Walikuwa na watano mezani wanaeleza tu. Sasa kwa sheria wale wote watano ni sintipi, mpaka mtu aje achague mmoja kwa maandishi yaliyochapishwa, ndio anakuwa lektotipi. Kitabu cha sheria za majina ya wanyama kinachotumika leo, kile cha 1999, ndicho kinalazimisha kuanzia mwaka 2000 kila jina jipya la spishi litaje tipi yake waziwazi. Kabla ya hapo ni porini. Orodha yetu ilikuwa imeandika "holotipi" fasi nyingi ambapo mwandishi mwenyewe hakuwahi kumchagua yeyote.

Kulikuwa na bokali moja yenye etiketi nyekundu, ile ya kusema ndani kuna tipi, mwandiko mzuri wa shule ya zamani, kila mgeni wa maana alikuwa anaonyeshwa. Mi nimeichukua na makala yake pembeni. Rangi huwezi kuifuata, alkoli inakula nyekundu na njano mpaka mnyama anabaki kahawia. Urefu nao unadanganya, mwili unasinyaa, na mkia wa salamanda unaweza kukatika ukaota tena. Ila mikunjo ya ubavuni, ile mistari kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, alkoli haiwezi kuongeza. Huyu alikuwa nayo mingi kuliko aliyohesabu mwandishi. Nikahesabu upande wa pili, vile vile. Nikaenda kwenye rejista, kile kitabu makumbusho inaandikisha kila mnyama, namba ni ile ile ila mahali pametofautiana na mwandiko ni wa mtu mwingine. Nimezunguka kabati zote mpaka nimempata wa kweli, amekaa nyuma ndani ya bokali la mchanganyiko na namba yake ya kibati imefungwa mguuni, mikunjo sawa, mahali sawa, mkamataji sawa. Ile siku sikula, furaha tu!

Orodha mpya ikachapishwa. Jina la mkubwa wa seksioni liko juu. Langu halimo, hata kule mwishoni kwa shukrani. Nimeandika barua pepe kwa heshima zote, nimejibiwa kwamba staji ni kujifunza. Sawa. Bado inaniuma, sitadanganya mtu.

Na msifikiri ni mambo ya vumbi tu. Mwaka 1924 mtaalamu mmoja, Boulenger, alimpa jina salamanda mmoja mkubwa sana wa China aliyekuwa anaishi kwenye zoo ya London. Baadaye wataalamu wakamfuta, wakasema ni yule yule wa siku zote. Mwaka 2019 watu wamechukua DNA kwenye vielelezo vya zamani vya makumbusho, na jina lake, Andrias sligoi, limefufuka. Asingekuwa kwenye alkoli na namba yake, wangemrudia nani? Manila mwaka 1945 vita vimeteketeza tipi nyingi za vyura na mijusi ya Ufilipino, mpaka leo wanaofanya kazi kule wanahangaika na majina.

Kwa hiyo vijana wangu, someni makala ya kwanza. Kisha rejista. Kisha mnyama. Etiketi iwe ya mwisho kabisa, na ile nyekundu ndiyo ya kushuku zaidi maana inawafanya watu waache kuangalia. Narudia, someni makala ya kwanza! Na msingojee Ulaya. Lwiro, kile kituo cha utafiti, haiko mbali na hapa mjini, ina mikusanyo tangu enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji, iliyoanzishwa 1947. Kachura kadogo ka milima ya Itombwe, Chrysobatrachus, mtaalamu Laurent amekapa jina 1951, na tipi nyingi za vyura wa milima yetu ziko Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika kule Ubelgiji. Siku mtu wa Bukavu akipeleka picha na vipimo vya chura wa leo, atajibiwa na nani kule, na kwa orodha gani? Msikubali kuwa watu wa kubeba bokali tu wakati wengine wanaandika. Sisi tunapenda sana kusema wazungu walichukua, sawa walichukua, ila hata rejista za huku ni wangapi wamezifungua?

Na ukishamaliza kumhakiki mnyama, katia kipande cha karatasi nzito, andika ulichoona, tarehe na jina lako lote, kwa penseli, juu wino wa biki unayeyuka kwenye alkoli, kisha kitie ndani ya bokali. Usikibandike nje.