Ichthyophagi ni kabila gani?

Umeuliza Ichthyophagi wanaotajwa na Plinius, mwandishi wa Kirumi wa kale, walikuwa kabila gani. Hawakuwa kabila moja. Ni Kilatini kilichochukua neno zima la Kigiriki, Ichthyophagoi, yaani "wala samaki": ichthys ni samaki, phagein ni kula. Wagiriki waliwapachika jina hilo watu wa pwani mbalimbali kwa kuangalia chakula chao tu. Ndiyo maana unawakuta Bahari ya Shamu, na tena mbali kabisa huko Makran, pwani ya Iran na Pakistan ya leo.

Wa Makran ndio tunaowajua vizuri, kwa sababu Nearchus, amiri wa merikebu za Aleksanda Mkuu, alipita kwao mwaka 325 KK na Arrianus, mwanahistoria wa Kigiriki wa baadaye, akahifadhi habari zake. Samaki laini waliwala wabichi. Wakubwa waliwaanika juani wakakauka, wakawatwanga unga, wakaoka mikate. Nyumba za wenye uwezo zilijengwa kwa mifupa ya nyangumi, na mataya yake yakawa milango. Nyasi hazikuwepo, kwa hiyo hata kondoo walilishwa samaki wakavu, na nyama yao ikawa na ladha ya samaki! Hilo la mwisho naliamini kabisa, maana Oman nako mifugo imelishwa dagaa wakavu kwa karne nyingi.

Wao wenyewe walijiitaje, maandishi hayo hayasemi. Kwa hiyo ukilikuta jina hili kwenye ramani ya kale, usilichukulie kama jina la taifa.