Apdeti ikija ituambie kwanza imeleta nini

Toleo lililopita niliwauliza wasomaji wa huku kwetu Lamu na Malindi swali moja tu, simu ikikuletea apdeti mpya wewe wataka ikuletee nini? Nilidhani ntaletewa mambo ya kamera na mapambo ya skrini, wapi! Karibu kila barua yasema yale yale, betri ikae, bando lisiliwe, na vitu vyangu nivikute pale nilipoviacha. Nimechagua tano.

Asalam aleikum kaka. Nauza mahamri hapa Langoni, oda zaja kwa WhatsApp na pesa kwa M-Pesa. Kila asubuhi simu yaniambia kuna apdeti, nikibonya naona GB mbili na kitu, hilo si bando langu la wiki nzima hilo! Na chini imeandikwa eti inarekebisha hitilafu na kuboresha utendaji. Hitilafu gani? Nisipoiweka ntapata hasara gani? (Muuza mahamri, Langoni)

Waaleikum salaam dada. Hilo la "hitilafu gani" ndilo swali lenyewe, na mimi naona wanaotengeneza hizi simu wangelibandika ukutani walisome kila siku. Apdeti ziko za aina mbili na simu haikwambii vizuri ipi ni ipi. Iko ile kubwa ya Android, yaani ule mfumo wa Google unaoendesha simu nyingi, tuseme ya kutoka Android 14 kwenda 15, hiyo kwa kawaida ni mara moja kwa mwaka na ndiyo hubadilisha sura ya simu. Afu iko ya usalama, mara nyingi ndogo, Google walianza kuitoa kila mwezi tangu Agosti 2015 baada ya kugundulika tundu lililoitwa Stagefright, ambalo mtu akijua namba yako tu aliweza kukutumia ujumbe wa picha na akaingia kwenye simu kabla hata hujaufungua. Hii ya usalama dada yangu usiiruke kabisa, manake simu yako ndiyo duka lako, wateja wamo humo na pesa zimo humo. Ingia setingi, kuhusu simu, tafuta tarehe ya usalama wa Android, ukiona ni ya mwaka juzi basi jua matundu yaliyogunduliwa tangu hapo kwako bado yako wazi.

Kuhusu bando, usiishushe kwa data. Subiri mahali penye waifai, iweke kwenye chaji, iache usiku, na ufute video za magrupu kwanza upate nafasi. Lakini mzigo ukivushwa kutoka Mokowe kule bara si gunia huandikwa juu ni la nani na lina nini ndani? Basi na apdeti iandikwe hivyo hivyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba hii ni MB kadhaa, yaziba tundu la bluetuthi, ni ya lazima, au hii ni ya sura mpya tu, waweza kungoja. Hatuombi kikubwa hapo.

Mimi ni nahodha wa boti, Lamu na Mokowe kutwa nzima. Tangu niweke apdeti betri haifiki hata alasiri, kabla ya hapo nilikuwa nalala nayo. Wameiharibu makusudi ninunue mpya? (Nahodha, Mkomani)

Nahodha, pole na kazi. Kwanza ipe siku mbili tatu. Baada ya apdeti kubwa simu hufanya kazi nyingi chini kwa chini, yapanga upya programu, yapitia picha zako zote, na kazi hiyo yala betri na kuipasha joto. Zikipita siku hizo na bado hali ni ile, ingia kwenye setingi ya betri uone ni programu gani inakula, mara nyingi utaikuta moja tu ndiyo mwizi.

La makusudi sasa. Sitakwambia unawaza vibaya, manake Desemba 2017 Apple walikiri wenyewe kwamba apdeti zao zilikuwa zinapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, walisema ni ili simu zisizimike ghafla. Sababu yenyewe yaeleweka, lakini watu walikasirika kwa sababu hawakuambiwa, na ilibidi bei ya kubadilisha betri ishushwe kutoka dola 79 hadi 29, kisha mwaka 2018 ikaletwa setingi ya kuonyesha afya ya betri. Yaani tangu siku ya kwanza watu walichotaka ni kuambiwa tu, mtu angejua ni betri angebadilisha betri na simu ingeendelea.

Na wewe nimekuona simu waiweka pale mbele karibu na usukani, ndani ya mfuko wa nailoni, jua la saa saba limeipiga wima. Betri hizi joto ndilo adui yao mkubwa. Iweke kivulini, chini ya benchi kwenye kikapu.

Simu yangu nilinunua 2021 na haipati apdeti tena, na wala haijaharibika. Kwa nini? (Mwanafunzi, Shela)

Kwa sababu Android haitoki Google ikaja moja kwa moja kwako, yapitia kwa mwenye chipu, ule ubongo wa simu, afu kwa kampuni iliyotengeneza simu, na kampuni ikiona hiyo modeli haiwaletei pesa tena wanaiacha. Simu za bei ya chini ndizo huachwa mapema, na ndizo tulizonazo wengi wetu, na hili laniuma kwa kweli. Kwamba inawezekana tushaona, Google kwa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 wote waliahidi apdeti za miaka 7. Ukienda dukani safari nyingine kabla ya kuuliza kamera ni ngapi uliza hii itapata apdeti hadi mwaka gani, na muuzaji akishindwa kukujibu itafute modeli hiyo mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Naweza kurudisha ile ya zamani? (Malindi)

Kwa simu nyingi hapana, na pale inapowezekana kwa kawaida yafuta kila kitu. Usimpe mtu akujaribie.

Mwanangu, nimemwambia mjukuu aniandikie. Mato yangu hayaoni, na simu ilijibadilisha usiku, sasa sijui pa kupigia. (Bibi, Matondoni)

Shikamoo bibi. Mjukuu akuwekee maandishi makubwa, Android 14 yaweza kuyakuza hadi asilimia 200, na aiweke simu yote iwe ya Kiswahili. Tangu Android 13 hata programu moja moja yaweza kupewa lugha yake kama yenyewe inayo.

Ila hilo la kujibadilisha nalijua kwa shangazi yangu. Yeye hasomi skrini, anahesabu. Safu ya chini, moja, mbili, ya tatu ndiyo ya kupigia, kidole chenyewe kishajua njia. Siku moja apdeti ikapita usiku, asubuhi ile ya tatu ikawa ya kamera na ya kupigia imehamia mwanzo na rangi yake si ile. Siku mbili hakumpigia mtu, akaona aibu kuuliza, sisi twadhani anaumwa. Wanaopanga hizi skrini sidhani kama wanamjua mtu kama huyu, na wako wengi sana. Apdeti iweke mapya yake yote lakini safu ile ya chini isiiguse mpaka mwenyewe akubali.

Nilikwenda kwake, nikaibonya ile ya kupigia bila kuachia, nikaivuta mpaka nafasi ya tatu. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akanipigia mimi nikiwa nimekaa hapo hapo mbele yake kwenye mkeka, na akangoja mpaka nipokee.