Kisiki kinachochipua: namna ya kuua mti wa kigeni msituni

SWALI: Tunatunza msitu mdogo wa asili. Mwaka jana tulikata miti ya kigeni iliyojipenyeza humo: misindano, mikaratusi, miwati na robinia. Misindano imekufa. Visiki vya mikaratusi vimejaa machipukizi, na pale paliposimama robinia moja sasa pana machipukizi kibao yanayotoka ardhini, mengine mita kadhaa kutoka kwenye kisiki. Tumekosea wapi?

JIBU: Mlitumia dawa moja kwa magonjwa manne. Kila mti kati ya hiyo una njia yake ya kujiokoa, na msumeno unaziba njia ya msindano tu.

Msindano wa aina zinazopandwa sana, kama *Pinus patula*, hauchipui kisikini. Kata chini ya tawi la mwisho lenye sindano mbichi. Tawi hilo likibaki, hujipinda juu likawa shina jipya. Baada ya hapo ng'oeni miche tu.

Mkaratusi una macho yaliyolala chini ya gome, na aina nyingi zina pia uvimbe kwenye shina, usawa wa ardhi, wenye macho na akiba ya wanga. Ukikata, akiba yote hupanda kwenye machipukizi. Kama hamtumii kemikali, yavunjeni yangali laini, tena na tena, kila wiki sita hadi nane, mpaka akiba iishe. Mkiruka miezi mitatu, majani yatakuwa yameijaza upya, mnaanza moja. Kama mnatumia glifosati (dawa ya kuua magugu), subirini machipukizi yafike mita moja au moja na nusu ndipo mnyunyizie majani; majani machache hayawezi kubeba sumu ya kutosha mizizi mikubwa kiasi hicho. Kwa mti utakaokatwa leo, kata chini kabisa na upake kisiki ndani ya dakika chache, kabla mkato haujakauka. Pakeni ukingo ulio karibu na gome, kwa sababu mti hai uko hapo. Katikati ni mbao iliyokufa, dawa inapotea bure.

Robinia (*Robinia pseudoacacia*, asili yake mashariki mwa Marekani) ndiyo inayoumiza watu vichwa. Kilele cha mti hutuma homoni zinazoyazuia macho ya mizizini yasiamke. Ondoa kilele kwa mkupuo, na mizizi yote inaamka. Mwailanto (*Ailanthus altissima*) wa China ni vivyo hivyo. Kwa hiyo robinia iliyosimama msiikate. Bambueni gome kuizunguka, lakini mwache ukanda mmoja mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mzingo. Kupitia ukanda huo mti huendelea kulisha mizizi kidogo, na kilele kinaendelea kufyonza akiba bila machipukizi kuchochewa. Mwaka unaofuata, majani yakiwa yamekomaa, malizieni ukanda uliobaki. Msikate shina hadi life kabisa. Yale machipukizi mliyonayo sasa yashughulikieni mwishoni mwa msimu wa kukua, wakati sukari inashuka mizizini: dawa ikipakwa majani wakati huo huteremka nayo. Mwanzoni mwa msimu utomvu unapanda, na dawa hubaki juu. Jihadharini pia na robinia jirani mnazotaka kuziacha. Mizizi huwa imeungana.

Kubambua gome kwenyewe kuna makosa yake, na nimeona yakirudiwa kila mahali. Pete nyembamba ya upana wa panga huzibwa na mti wenyewe. Fanyeni sentimita 20 hadi 30. Gome likitoka, kwangueni ule utando wenye utelezi uliobaki juu ya mbao, maana kamba yake moja tu ikisalia inatosha kuunganisha juu na chini. Kagueni mikunjo ya shina, gome hujificha humo. Wala msichimbe mbao yenyewe: mkifanya hivyo maji hayapandi, kilele kinakufa ghafla, na mnarudi kwenye tatizo la mwanzo, tena na shina linaloweza kuvunjika kwa upepo.

Kwa mwati (*Acacia mearnsii*, kutoka Australia) pete haitoshi: chuneni gome lote kuanzia kiunoni hadi ardhini. Hata hivyo mti mkubwa si adui mkuu hapa. Mbegu zake zina ganda gumu na hukaa udongoni zikiwa hai hata miaka 50. Moto hulipasua ganda hilo, ndiyo maana palipochomwa takataka za matawi huota zulia la miche. Msichome, isipokuwa mna watu wa kuing'oa miche yote ikiwa bado chini ya magoti, kwa miaka kadhaa mfululizo.

Msiue miti yote kwa pamoja. Mwanga ukimwagika ghafla, miche ya kigeni huwahi kuliko ya asili. Endeni kwa vipande, mkianza palipo na miche mingi ya asili chini ya kivuli. Na miti iliyo karibu na njia za watu msiibambue. Hukauka kwa mwaka mmoja hadi mitatu na kuangusha matawi wakati wowote. Hiyo ikatwe na mtaalamu, kisha kisiki kipakwe dawa papo hapo.